Wiki Mbili za Kimya kwa Kasuku wa Blanche

Siku mume wangu Cyril alipopigilia komeo kwenye mlango wa jikoni, kijiji kizima kilijua kabla chai ya saa kumi haijachemka. Kwetu mlango wa jikoni haufungwi. Mtu anasukuma, anakung'uta theluji kwenye buti, anajitupa kwenye kitanda kilicho kando ya jiko na kuendelea pale umbea ulipoishia jana. Anayebisha hodi ni padri mgeni au polisi.

Chanzo cha komeo kilikuwa kasuku mdogo wa kijani, mwepesi kuliko yai. Tulimnunua kwa ajili ya Blanche, dada yake Cyril, aliyehamia nyumba ya wazee kule mjini Clarenville baada ya kuvunjika nyonga. Blanche huyo, ambaye enzi zake alimsema hata askofu usoni, sasa alijibu "ndiyo" na "hapana" na kugeukia ukuta. Zamani alifuga ndege, tukaona labda ndege atamrudisha. Msimamizi alikubali kwa sharti moja: ndege awe amezoea mkono wa mtu, maana wahudumu wake hawana muda wa kukimbizana naye chini ya vitanda. Tumlete Jumapili ya pili ya Machi. Asipopanda kidole, arudi nasi.

Na huyo kiumbe alikuwa mwoga jamani. Ukipita na kijiko tu, anajibana kwenye kona ya tundu, manyoya yamemganda mwilini kama aliyelowa. Cyril akiingiza mkono, anajirusha kwenye nyaya mpaka nabaki na manyoya ya kufagia. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba ndege mgeni anataka utulivu, na Cyril alifanya kazi kiwanda cha samaki miaka thelathini na moja. Ukimpa agizo, analifuata mpaka mwisho wake. Redio ikang'olewa ukutani. Birika likaondolewa motoni kabla halijapiga filimbi. Mimi nikavishwa soksi mbili mbili na kuambiwa niwe nanong'ona.

Mimi, Mena, ninong'one.

Majirani walikuja, wakasukuma, wakakuta mlango umegoma, wakaondoka. Maneno yakaanza, na uchungu wake ni kwamba sikuwapo kuyasikia. Etheline wa dukani ndiye aliyenipigia simu: kuna waliosema nimenuna kwa sababu ya mchezo wa karata, na wengine wakaapa Cyril amenihama, analala bandani na nyavu zake. Kisha vyakula vikaanza kuonekana kwenye ngazi, mkate, jemu, sufuria ya supu ya nyama ya chumvi, kama vile tumefiwa.

Ndege naye ndiyo kwanza alizidi woga. Alikuwa hali mpaka tumpishe. Alhamisi, siku tatu kabla ya safari, nilimkuta Cyril mbele ya tundu, shuke la mtama mkononi.

"Nimeshindwa, Mena," akanong'ona. "Nitamwambia nini dada yangu?"

Akavaa koti akaenda bandani ili nisimwone uso.

Hazijapita dakika tano, mlango ukatikiswa. Alikuwa Shangazi Dulcie, mwenye miaka sabini na tisa, ambaye kwake sisi sote ni watoto.

"Wee Mena, kama umekufa sema, nikatafute gauni jeusi. Kama hujafa fungua, supu inapoa na magoti yangu si ya chuma."

Siwezi kujisifu kwamba nilikuwa na busara yoyote. Nilifungua kwa sababu nilikuwa na kiu ya mtu. Dulcie akaingia, na walioona nyayo zake kwenye theluji zinaingia bila kutoka wakafuata. Nikachukua unga wa mkate uliokandwa uliobaki, nikakaanga vipande, nikavimwagia asali nyeusi ya miwa. Cyril aliporudi alikuta watu saba na moshi wa mafuta, jirani yetu Hubert amekalia kitanda na kusimulia habari za gari jipya la padri. Tulipomwona alivyosawijika, wote tukanyamaza.

Ndege, papo hapo, akajibana kwenye kona yake.

"Msinyamaze," Dulcie akasema. "Sasa hivi alikuwa anakula. Mimi nilikuwa namtazama." Akamgeukia Cyril. "Mwanangu, kuku wangu wakinyamaza ghafla natoka na ufagio, najua mwewe yuko juu. Wewe umemwambia huyu maskini wiki mbili nzima kwamba mwewe yuko jikoni."

Tukaanza kuongea upya, wote kwa mpigo. Nikatazama kwa pembe ya jicho: manyoya yakalegea kidogo kidogo, akajitikisa, akaanza kulia vijilio vyembamba, kana kwamba naye ana lake la kuchangia. Cyril akaingiza mkono na lile shuke, akatuambia tusimwangalie hata kidogo. Habari za padri zikaisha. Hubert akaanza kutueleza hali ya hewa ya wiki nzima iliyopita, siku baada ya siku, na sisi tukamwuliza maswali kama wanafunzi wa chuo. Alipofika Jumatano ya upepo, mguu mmoja wa ndege ulikuwa juu ya kidole cha Cyril. Ukashuka. Ukarudi, na wa pili.

Machozi yalimfika Cyril kidevuni, na hakuthubutu kuinua hata mkono ule mwingine kuyafuta.

Ijumaa na Jumamosi nyumba ilijaa kwa zamu, na kila aliyekuja alimwazima ndege kidole. Jumapili tukaenda Clarenville kwa magari mawili, watu tisa, tukaingia chumbani kwa Blanche tukibishana kuhusu njia. Msimamizi akasimama akiliinamia tundu, akaingiza mkono wake. Ndege akarudi nyuma, akajikunja. Cyril akanitazama, nami nikazidisha sauti, nikaanza kusimulia jinsi nilivyoachwa na mume aliyekuwa bado nyumbani.

Ndipo Blanche alipogeuka kutoka ukutani.

"Keti, mwanangu," akamwambia msimamizi. "Ukimsimamia hivyo, hata mimi unanitisha. Vuta kiti, weka mkono chini, halafu zungumza na huyu wifi yangu mropokaji. Na wewe Mena, rudia. Nani kasema Cyril kakuacha?"

Msimamizi akavuta kiti.