Sufi ya Darini

Mpini wa ufagio uligonga dari tena, na vumbi likamwagikia godoro alilokuwa akilishona. Juu kukawa kimya kidogo, kisha mbio zikaanza upya kutoka pembe hii hadi ile.

"Teremkeni mnile na mimi basi," Mama Magodoro alisema.

Alikuwa ameshona magodoro katika chumba hicho tangu mumewe akiwa hai. Magunia ya sufi aliyaweka darini, pakavu. Sasa kindi walikuwa wameyapasua, na sufi ilidondoka hadi kwenye kikombe chake cha chai. Lakini si kindi waliomchemsha damu asubuhi hiyo. Ni mwanawe, aliyekuja na dalali wa nyumba, wakapima chumba naye akiwa ndani, kana kwamba na yeye ni kabati.

Utepe wa kupimia ulipita juu ya kichwa chake. Dalali akakikanyaga kitambaa kipya cha godoro kwa viatu vyake, akasema samahani bila kutazama chini.

"Mama, nyumba imekushinda," mwanawe alisema, kwa ile sauti laini ya kubembelezea wagonjwa. "Hao kindi watatafuna nyaya za umeme, uungue humu peke yako. Kwangu kuna chumba nyuma ya jiko. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Na magodoro nitayashonea wapi?"

"Utapumzika, mama."

Neno hilo lilimchoma kuliko sindano. Apumzike, kama nani? Hasira zikampanda, na mwenye hasira hapimi maneno.

"Haya. Jumamosi ijayo njooni. Mkisikia hata mguu mmoja huko juu, nafunga virago mwenyewe, huyu dalali wako auze nyumba. Msiposikia kitu, usinitajie tena hicho chumba cha nyuma ya jiko."

"Umesema mwenyewe, mama," mwanawe alijibu. Dalali alikuwa anatabasamu.

Walipoondoka alijua kwamba mdomo umemponza. Basi siku hiyo hiyo akapanda darini. Magoti yalilalamika, akayaambia yanyamaze. Alibeba wavu wa waya, koleo, waya mwembamba na sindano yake ndefu kuliko zote. Angetafuta wanapopitia, angesubiri watoke, kisha angeushona wavu kuzunguka ubao kama anavyoshona kingo za godoro, mshono juu ya mshono. Misumari hakuiamini. Msumari hulegea, mshono wake haujawahi kulegea.

Tundu alilipata ukingoni mwa paa, upana wa ngumi. Katikati yake ulipita waya wa dishi la televisheni.

Aliutazama waya ule. Akamkumbuka mwanawe juu ya ngazi, kijana mwenye haraka ya kutazama mpira, tindo mkononi, akitoboa ubao. Alimwambia alizibe tundu. "Kesho, mama," alisema. Kesho hiyo haikufika mpaka akaoa na kuhama. Na sasa alikuwa amemletea dalali kwa ajili ya tundu lake mwenyewe. Mama Magodoro akatoa tusi ambalo hajawahi kulitoa mbele za watu.

Kindi walikuwa wametoka. Aliuinua wavu, akatunga waya kwenye sindano. Ndipo aliposikia vilio vyembamba ndani ya gunia. Akafunua sufi kwa kidole. Vitoto, macho yamefumba, havijaota manyoya, vimelaliana kwenye joto la sufi yake.

"Wezi," akaviambia.

Kuziba kulikuwa rahisi. Vingekufa kabla ya Jumamosi, dari lingenyamaza, na nyumba ingebaki yake. Alikaa pale na sindano mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akavifunika na kushuka. Alijikasirikia mwenyewe, akawakasirikia kindi, na mwanawe akampa fungu kubwa zaidi.

Jumamosi walikuja, na hawakuhitaji kutega sikio.

"Bado wamo," mwanawe alisema.

"Wamo."

"Basi, mama. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema, na sili matapishi yangu. Virago vile pale." Karibu na mlango palikuwa na bunda lililofungwa kwa kamba ya magodoro. "Ila ufa ulionihubiria nimeuona. Panda ukauone na wewe."

Mwanawe alipanda na suruali yake ya pasi. Walimsikia akitambaa. Aliposhuka alikuwa na sufi kichwani.

"Dishi," alisema.

"Dishi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ile ile, tindo ungali nalo mkononi."

Dalali akakohoa. "Mama, si wanyama tu? Zibeni nao humo humo, mambo yaishe."

"Wewe kanisubiri kwenye gari," mwanawe akamwambia, bila kumtazama.

Dalali alikuwa hajafika nje kivuli kilipopita dirishani, juu ya waya wa dishi. Kindi mama, aliyetishwa na mtu aliyetambaa karibu na kiota chake, alikuwa anahama na kitoto mdomoni. Alirukia mti wa jirani, akarudi, akachukua kingine.

Mama Magodoro alichukua wavu na sindano, akaegemeza ngazi kwenye ukuta wa nje na kupanda mpaka karibu na tundu. Hapo akatulia. Kindi alimpita mara kadhaa, karibu kiasi cha kumgusa, akihamisha watoto wake. Mara ya mwisho alitoka mdomo mtupu.

"Wameisha," mwanawe alisema kutoka chini. "Ziba, mama."

"Subiri. Atarudi kuhakikisha."

Na kweli akarudi. Akaingia, na sufi ikasikika ikichakurwa, polepole, upande huu na upande ule.

Barabarani dalali alipiga honi. Akapiga tena, ndefu. Mwanawe hakugeuka. Alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili, uso ameuinua, na juu yake mama alisubiri, sindano katikati ya meno.