Mtoto Asiyesikia

Faruk, msimamizi wangu wa mafunzo kazini katika shirika la kusaidia walemavu, ana moyo mzuri na haraka mbaya. Siku hiyo tulikwenda Namuwongo kumchukua Exaucée, msichana wa Kikongo asiyeweza kutembea, apelekwe shule ya bweni ya viziwi, mbali kabisa na Kampala. Mama yake, Monique, aliyeambiwa tu kwamba ni shule ya walemavu, alikuwa amekwisha kufunga nguo za binti yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hasikii kitu," Faruk aliniambia mlangoni. "Mama yake mwenyewe arisema. Wewe musomi saidia tu kubeba."

Msomi mimi, sawa. Chuoni Wandegeya, Mwalimu Otema alitukalisha kwenye viti vya magurudumu na kuwaamuru wenzetu watusemee kila kitu, hata chai tunayoipenda. Nililichukia zoezi lile kwa moyo wote, na halikunitoka akilini. Mwenye jambo aulizwe kwanza, alituambia, hata ukiambiwa hana jibu.

Basi nikachuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu cha Exaucée. Faruk akaguna.

"Mdogo wangu, unataka kwenda shule hiyo ya mbali?"

"Hapana," akajibu. "Nataka kubakia na mama."

Faruk akamgeukia Monique. "Lakini mama, ulisema mtoto hasikii."

"Hasikie, ndiyo," Monique akasema kwa ukali. "Namukatazaka asiende na kiti yake ku reli, yeye anaenda tu. Huyu hasikiake mutu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kama kutosikia huko kungepelekwa shule ya viziwi, mimi Nabangala wa Bungoma ningesomea huko tangu chekechea.

Faruk akamwuliza msichana, "Kwa nini siku ile nilipokuja kukuandikisha hukuniongelesha?"

"Ulinifanyia ishara za mikono tu. Nilizani wewe papa ni bubu."

Faruk akacheka kunishinda, akampigia dereva simu asije. Nilishusha pumzi; nilikuwa nimeogopa kweli. Tukakubaliana kwenda kuuliza shule ya jirani kama kiti kinaingia darasani.

Monique aliufungua mfuko, akaanza kuzitoa nguo huku akilia, na Exaucée akasogeza kiti amsaidie kuzikunja.