Mkaguzi wa Kasi

Mkaguzi aliingia chumba cha mitambo cha kampuni ya mtandao bila kuuliza njia. Alikuwa fundi humo kwa miaka sita, mpaka alipokataa amri ya meneja ya kuipunguzia kasi tovuti ya masomo ya bure, ili wanafunzi wachoke kungoja na kuhamia ile ya kampuni.

"Mtandao ni wangu," meneja alimwambia siku hiyo. "Wa kupita mbio na wa kutambaa nawachagua mimi." Akamfukuza kazi mbele ya wenzake.

Sasa sheria mpya ilitaka tovuti zote zipewe kasi sawa, na serikali ilikuwa imemwajiri yeye kuisimamia.

Alikaa kwenye kompyuta, akafungua orodha ya tovuti zilizobanwa kasi. Ile ya masomo bado ilikuwemo, juu kabisa. Meneja alivuta kiti, jasho likimtoka.

"Dada yangu, tuyamalize humu humu. Wewe ni mtu wa nyumbani."

"Ningekuwa wa nyumbani usingenitupa nje," alijibu bila kuinua macho.

Sheria ilimpa njia mbili: onyo la mwezi mmoja, au kumzuia mhusika kuendesha mtandao wowote kwa miaka mitano. Kalamu haikusita. Aliwaita mafundi wote, kisha akamtaka meneja aisome hati ya zuio kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho.

Jioni mumewe alimuuliza, "Uliandika kwa haki au kwa hasira?"

"Haki ilitosha," alisema, akivua viatu. "Hasira niliiongeza mwenyewe, na wala sijutii."