Muringa Uliotangulia Baiskeli

Duka la dawa za mifugo alikofanya kazi Runji, mjini Embu, lilifungwa kila Jumamosi kwa sababu mwenye duka alikuwa Msabato, na siku hiyo Runji aliitumia kuendesha baiskeli. Ilikuwa baiskeli ya mtumba, tairi nyembamba, usukani umepinda kama pembe za mbuzi, na majirani walikuwa wameshachoka kumuuliza inabeba magunia mangapi. Asubuhi moja ya baridi alipaka mnyororo mafuta, akatia viazi vitamu vya kuchemsha mfukoni, akashika barabara ya zamani inayokata msitu wa Gatirari kuelekea upande wa Meru. Magari yalikuwa yamehamia barabara mpya ya chini. Huku juu palibaki kimya, lami iliyoota nyasi pembeni, na milima ya kumtoa mtu roho.

Si baiskeli tu iliyompeleka huko. Mle msituni mlikuwa na muringa, mti wa baba yake. Baba huyo, marehemu Njura, alikuwa ameutundikia mzinga wa gogo miaka mingi nyuma, na katika sehemu zile aliyetundika mzinga ndiye mwenye mti, hata msitu ukiwa wa serikali. Shamba la Njura lilipogawanywa, kaka wakubwa wa Runji walimega wakamaliza, na yeye akaambiwa kuna mti. Hakulalamika sana. Kwenye mfuniko wa mzinga kulikuwa na alama ya baba yake, duara lililochomwa kwa chuma cha moto, na kila alipopita Runji alipunguza mwendo akauamkia mti ule kama mtu mzima.

Ulikuwa kwenye kona ya kwanza baada ya daraja. Asubuhi hiyo aliuamkia, akabadilisha gia, akapanda. Alipofika juu, kando ya mtaro, akaukuta tena.

Wazo lake la kwanza lilikuwa wizi. Kulikuwa na Salesio, jirani yake, aliyeanza kuuza asali sokoni bila mtu kumwona na nyuki hata mmoja. Runji aliamini Salesio ameushusha mzinga na kuuhamishia muringa mwingine, ili kesho adai ni wake. Akageuza baiskeli, akateremka hadi daraja kuhakikisha. Pale konani hapakuwa na mzinga wala muringa. Palikuwa na shimo la udongo mbichi. Alipopanda tena, mti haukuwa kando ya mtaro bali kona iliyofuata, mzinga ukiyumbayumba na nyuki wakiwa na hasira. Runji akaacha kumshuku Salesio, akaanza kuushuku mti.

Wiki iliyofuata aliufunga kitambaa chekundu tawini. Kitambaa kile alikipita mara kadhaa kabla ya kufika kilele, tena mara moja kilikuwa upande wa pili wa barabara. Karibu na kilele akaegemeza baiskeli, akaingia vichakani kujisaidia. Hatua chache tu nyuma ya miti ya barabarani akatokea kwenye jua. Palikuwa na visiki mpaka kwenye ukingo wa mlima, na kati ya visiki hivyo watu walikuwa wamepanda viazi. Aliporudi, barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Miti ilikuwa imedhani ameshaondoka. Ilikuwa ikimsubiri mbele, na mti mmoja wa msesewe ulikuwa umeinamia barabara kuchungulia kama anakuja.

Runji alipanda baiskeli akaendelea. Alikuwa na hasira kiasi kwamba hakusikia uchungu wa miguu.

Kwenye kizuizi cha msitu alimkuta Mbogo, mlinzi wa zamu, akichoma mahindi. Runji akamuuliza kuhusu miti ile inayohama, na Mbogo hakukataa. Alieleza kwamba wenye malori walikuwa wamemaliza msitu wa ndani kitambo, wakaacha mstari wa barabarani kwa ajili ya macho ya watu. Halafu wakauchukua mstari wenyewe, nusu yake. Miti iliyobaki ikawa inajipanga mbele ya anayepita, ikishapitwa inamzunguka kwa nyuma na kujipanga tena. Kwa magari haikujisumbua, maana mtu wa gari akiona kijani getini anaamini mengine yote. Taabu ilikuwa baiskeli. Mtu wa baiskeli anapanda polepole na anaangalia kila kitu.

"Na nani aliiambia ifanye hivyo?" Runji akauliza.

"Mimi niko kwa geti tu," Mbogo akasema, akigeuza hindi. "Lakini ule unaoshindwa kufika, lori linakuja kuuchukua. Hiyo iko wazi."

Runji hakumwamini Mbogo, na Mbogo naye tangu siku ile akawa akimtazama kwa jicho la pembeni, akihofu atapeleka maneno mjini. Ndivyo walivyoishi, wakisalimiana vizuri.

Kisha habari zikaja kwamba kuna wageni kutoka Nairobi, watu wanaotoa tuzo na misaada kwa misitu iliyotunzwa. Kiongozi wao, Bi. Celina, alikuwa mwendeshaji baiskeli, na alikataa katakata kuonyeshwa msitu kutoka kwenye gari. Mbogo alishuka mpaka dukani, akasimama kati ya makopo ya dawa ya kupe, akangoja wateja watoke.

"Umesemwa utawaongoza," akasema. "Wewe ndio unajua hiyo barabara."

"Na nikienda mbio?"

"Ukienda mbio miti itaachwa, na wa kwanza kuachwa ni wa mzee wako. Si umebeba mzinga?"

"Basi waone. Wajue msitu umeibwa."

"Waone, ndio. Sasa huo muringa utakuwa ushahidi. Ushahidi unabebwa na nini, Runji? Si lori?"

Runji alipima maneno hayo wiki nzima. Alijua Mbogo ana mkono wake ndani ya jambo lile. Alijua pia kwamba hakudanganya kuhusu lori. Angeweza kuwaonyesha wageni visiki vyote vya Gatirari kwa kukanyaga pedali kwa nguvu tu, na aliyatamani hayo kwa moyo wote. Lakini alikuwa na mti mmoja, na ndio wote alioachiwa na baba yake.

Siku ilipofika alitangulia mbele ya wageni na kuwapeleka mwendo wa harusi. Kwenye kila kona alipata la kueleza: daraja lilijengwa lini, nyani hupita wapi, mvua hutokea upande gani. Nyuma ya kelele za minyororo alisikia mizizi ikikwaruza lami, kisha vishindo vizito vikiwazunguka kwa upande wa juu. Bi. Celina hakuwa mtu wa kudanganywa na hadithi za daraja. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akauliza mbona majani yana vumbi la barabarani mpaka juu, na mbona hapasikiki ndege. Runji akasema ndege wa huku ni wapole.

Mlima wa mwisho ulikuwa mbaya. Runji aligeuka akauona muringa uko nyuma yao kabisa, umepinda, mzinga unagonga shina kila hatua. Akabadilisha gia vibaya kwa makusudi, mnyororo ukatoka. Akashuka, akaurudisha taratibu, akautoa tena, akaomba radhi. Mti ukawapita kwa nyuma ya ukingo wa udongo, ukasimama mbele yao ukitetemeka. Bi. Celina aliukaribia, akaweka kiganja kwenye gome.

"Mbona huu mti unahema?" akauliza.

"Ni mwinuko, madam," Runji akasema. "Hata sisi si tunahema?"

Bi. Celina hakuondoa kiganja. Runji alijua hajaamini, akaomba kimyakimya aulize swali moja zaidi, moja tu, kwa maana asingeweza kulijibu. Lakini wenzake walikuwa wameshaanza kupiga picha, na kule kileleni chai ilikuwa ikipoa. Bi. Celina akapanda baiskeli yake.

Tuzo ilitolewa. Getini likasimamishwa bango jipya, na kwa kuwa barabara ilisifiwa sana, waendeshaji wakaanza kuja kila Jumamosi, kutoka Meru mjini na hata Nairobi, wakiwa na baiskeli nyepesi na miguu yenye nguvu. Runji ndiye aliyewaongoza, na kila wiki walilalamika kwamba anawachelewesha. Muringa ukapukutisha majani kabla ya msimu. Siku moja haukuwahi kona moja, na waendeshaji wakapita kwenye mwanya wa visiki wakidhani ni shamba la mtu. Jioni hiyo Mbogo alimwambia, bila ubaya, kwamba wenye malori wameuulizia.

Jumapili baada ya ibada Runji alipanda na kamba na kinga cha moto cha kufukizia nyuki. Mti ulitulia tuli mpaka alipomaliza. Aliushusha mzinga wa baba yake, akaufunga kwenye baiskeli ya mizigo ya kuazima, nyuki waliobaki wakimfuata kwa nyuma bila kumuuma. Pale juu palibaki alama tu ya kamba kwenye gome, na hiyo haikusema jina la mtu. Mama yake alipouona mzinga uani alikaa chini. Aliuliza kama mti umeanguka. Runji akamwambia haujaanguka, ni kwamba una kazi nyingi siku hizi. Mama akaitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta mahali pa kuuweka mzinga usinyeshewe.

Jumamosi iliyofuata muringa uliwahi kona zote. Pale kileleni mgeni mmoja akaupiga picha, akauliza mti mzuri namna ile ni wa nani.

Runji akasema ni wa serikali.