Samaki Asiyegongwa

Mzee Kou Yongfu hakuwa na mchezo na Jumapili. Ikikaribia saa kumi na mbili jioni, mvua inyeshe au theluji ianguke, meza yake ilikuwa lazima ipendeze. Ndiyo saa ambayo Lan, binti yake wa pekee, alikuwa akipiga simu ya video kutoka Xiamen, mji wa pwani ya mbali, na Mzee Kou hakutaka mtoto aone jambo la kumkosesha usingizi. Kwa hiyo alifagia sebule, akamvalisha mkewe Suzhen koti jekundu, akamchana nywele, akamketisha upande wenye mwanga. Kisha akapanga chakula: tambi, viazi vya kukaanga, na katikati, kwenye sahani ndefu, samaki mzima aliyerowa sosi nyeusi, juu yake tangawizi na majani ya kitunguu.

Samaki mwenyewe alikuwa wa mti.

Kwa watu wa vilima vikavu vya Gansu hilo si jambo la kushangaza. Huko juu walikozaliwa, maji ya kunywa tu yalichotwa mbali, samaki angetoka wapi? Na karamu bila samaki mezani ni karamu gani? Basi watu walichonga. Huyu alichongwa na baba yake Suzhen kwa mti wa mpea, gamba kwa gamba, na Suzhen alikuja naye siku aliyoolewa. Sosi ya moto ikishamwagwa, wageni walichovya vijiti vyao vya kulia, wakalamba, wakasema, "Lo, samaki mtamu!" Hakuna mgeni mwenye adabu aliyemgonga samaki huyo kwa kijiti. Kumgonga ni kuutangazia ulimwengu kwamba wenyeji hawana kitu, na mtoto alifundishwa hivyo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Siku hizi Mzee Kou angeweza kununua samaki wa kweli. Serikali ilikwisha kuwashusha kutoka mlimani, wakapewa nyumba ya ghorofa mjini, na soko lilikuwa chini tu ya ngazi. Lakini samaki wa kweli huoza asipoliwa, na Suzhen alikuwa ameacha kula.

Ilianza majira ya mavuno. Hakufiwa, hakuibiwa, hakugombana na mtu. Mwanamke aliyekuwa akiongoza ngoma ya kupunga pepeo uwanjani, ambaye sauti yake ilisikika hadi ghorofa ya sita akimkemea muuza tofu, alianza kuacha sentensi katikati. Kisha akaacha ngoma. Kisha akawa analala akiugeukia ukuta, macho wazi, hadi kunakucha. Mzee Kou alijaribu utani, akajaribu supu, akajaribu hata kufoka, jambo aliloliona haya baadaye.

"Mama Lan, nini kinakuuma?"

"Hakuna."

"Sasa mbona unalia?"

"Sijui. Ningejua si ningeacha?"

Dada yake Mzee Kou, Guilian, mjane mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, alipanda kuja kumwona mara moja tu. Alilitazama bomba la maji jikoni, akaitazama na mashine ya kupashia nyumba joto. "Maisha mazuri hivi, wifi, unalilia nini?" alisema. "Tulipokuwa tunabeba ndoo mlimani ulikuwa unaimba. Leo maji yanakufuata yenyewe, ndiyo unalia?" Suzhen aliinamisha kichwa. Tangu siku hiyo hakulalamika tena, akawa analia bila sauti. Mzee Kou angependa kumtimua dada yake kwa ufagio, lakini dada mkubwa ni dada mkubwa.

Watu walipouliza, alijibu, "Tumbo." Tumbo ni ugonjwa wa heshima. Ugonjwa wa kulia bila sababu angeuita nini? Wangesema mke wa Kou amerukwa na akili. Afadhali tumbo, na afadhali samaki wa mti kila Jumapili, mtoto afanye kazi yake kwa amani. Aliogopa jambo moja tu kila alfajiri: kwamba asubuhi moja atageuka kitandani na kukuta mkewe hayupo tena, hata kama mwili wake bado umelala pale.

Jumapili moja, baridi imeshaingia, simu iliita.

"Baba! Mama! Mmekula?"

"Ndiyo tunaanza," alisema Mzee Kou kwa sauti ya tarishi mwenye habari njema. "Mama yako kasema leo lazima samaki. Samaki, samaki, kila wiki samaki! Atanifilisi."

"Naona. Amenona kweli huyo samaki," alisema Lan. Alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa yanamtafuta mama yake. "Mama, umependeza na koti lako."

Suzhen alilitazama koti. Mzee Kou akadakia haraka, "Amechoka na ngoma tu. Wanamchosha huko uwanjani, si unajua wakimwona hawamwachi?"

Hapo Suzhen akachukua vijiti vyake. Kwa mwezi mzima vilikuwa mapambo tu mbele yake. Mzee Kou alifurahi, akadhani leo atakula, akasogeza bakuli la tambi. Lakini mkono wa Suzhen ulipita juu ya tambi, ukapita viazi, ukafika kwenye sahani ndefu. Akampiga samaki kichwani.

Ko. Ko. Ko.

Sauti ilijaa sebuleni. Mzee Kou alihisi uso umewaka moto, kana kwamba kavuliwa nguo mbele ya kijiji.

"Mama Lan!"

"Ni mti," alisema Suzhen. Sauti yake ilikuwa na kutu ya kukaa bila kutumika. "Lan, huyu ni mti. Sichezi ngoma. Sili. Silali. Baba yako ananivalisha kama bibi harusi kila Jumapili ili usijue. Mimi ni mgonjwa, mwanangu, na sijui ninaumwa nini."

Lan aliziba mdomo kwa mkono. Alipouondoa alikuwa analia waziwazi.

"Nilijua, Mama. Ni samaki wa babu. Nilimjua Jumapili ya kwanza, ana jicho moja kubwa kuliko lingine."

"Ulijua?" Mzee Kou aliruka. "Na ukakaa kimya? Na ukanisifia samaki?"

"Sasa Baba, ningefanyaje? Nani alinichapa mkono kwa vijiti nilipotaka kumgonga kule mlimani? Si wewe? Ukasema mgeni mwenye adabu analamba sosi na kushukuru. Basi nimelamba sosi wiki zote hizi, nikizima simu nalala chini nalia."

Mzee Kou alikaa akimtazama mkewe, ambaye bado ameshika vijiti na kidevu kimeinuka kidogo. Alimkumbuka msichana ambaye, enzi Kou akiwa dereva wa trekta mlimani, alipanda bila kuombwa, akamwambia aende polepole kwa sababu mashimo anayaona yeye tu. Aibu ilimshika, ndiyo, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine alichokisahau. Katika ukoo mzima wa Kou, wanaume kwa wanawake, ni huyu mgonjwa asiyekula aliyepata ujasiri wa kugonga.

Wiki iliyofuata Lan alishuka kwenye treni, na wote watatu wakaenda hospitali ya mji mkubwa. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliuliza tatizo ni nini.

"Tumbo," alisema Mzee Kou kwa mazoea.

"Mgonjwa ni mimi," alisema Suzhen. "Wewe ni dereva tu."

Daktari alicheka, kisha akasikiliza kwa muda mrefu. Alisema ugonjwa huo unaitwa sonona, kwamba unawapata wazee wengi kuliko watu wanavyodhani, kwamba si kichaa wala si uvivu wala si utovu wa shukrani. Aliandika dawa. Halafu akamgeukia Mzee Kou. "Dawa peke yake haitoshi. Asikae peke yake na jambo hili. Na msimpokonye kazi zote, mtamfanya ajione mzigo."

Haikuwa miujiza. Kuna siku Suzhen aliamka na kukanda unga, akamsuta mumewe jinsi anavyokata tambi nene kama kamba za punda. Kuna siku alirudi kuugeukia ukuta, na Mzee Kou akajifunza kukaa pembeni tu, bila hotuba, akimenya viazi. Lan alirudi kazini, lakini sasa alipiga simu siku yoyote, meza ikiwa na chochote, hata ikiwa na viazi vitupu.

Kilichobaki ni maneno ya ngazini. Majirani waliuliza, na Mzee Kou, mdomo wake huo huo, alijibu, "Tumbo, linaendelea vizuri." Suzhen alimsikia siku moja kutoka mlangoni.

"Bado tumbo tu, Baba Lan?"

"Watu wana midomo."

"Na wewe huna?"

Mzee Kou alilala na swali hilo.

Ukafika mwaka mpya, na siku yake ya pili, siku ambayo mwanamke aliyeolewa hurudi kwao. Lan alikuja na samaki wa baharini ndani ya sanduku la barafu, mkubwa wa kujaza sinia. Guilian naye alikuja, maana wazazi walishafariki na kwao sasa ni kwa mdogo wake. Alipanda ngazi akiyalaani magoti yake kila ghorofa. Mzee Kou alimpika samaki mwenyewe na akamuunguza upande mmoja. Suzhen alimwonja, akatafakari.

"Wa mti alikuwa mtamu zaidi," alisema.

Lan alicheka hadi akapaliwa. Suzhen akaenda kabatini, akamtoa samaki wa baba yake, akamwosha, akamweka mezani pembeni ya yule wa kweli. Guilian aliwatazama samaki wawili, asielewe, lakini kwa adabu alilamba vijiti vyake na kusifu sosi. Kisha akauliza, jinsi watu wote walivyouliza miezi yote ile:

"Na tumbo lako, wifi, limepoa?"

Lan alitazama bakuli lake. Suzhen alimgeukia mumewe, akamtazama usoni, akangoja. Mzee Kou alielewa kwamba safari hii mkewe hatagonga. Alishagonga. Zamu ilikuwa ya mwingine.

Alimjua dada yake, aliujua ulimi wake, na alijua kwamba kesho habari itakuwa imefika kwa kila mtu aliyeshuka nao mlimani. Akachukua vijiti, akanyoosha mkono.

Ko. Ko.

"Si tumbo, Dada. Halikuwa tumbo hata siku moja. Suzhen anaumwa sonona. Anakunywa dawa kila asubuhi. Kuna siku anashindwa kuinuka, na siku inayofuata anainuka tena. Mimi nimeendesha trekta kwenye korongo usiku wa barafu, watu wakaniita shujaa. Ule ulikuwa upuuzi. Shujaa wa nyumba hii ni huyu hapa, na mtu akitaka kumcheka aje anicheke mimi kwanza."

Sauti ilimkatika mwishoni, lakini hakuinamisha kichwa. Alijivunia mke wake, na alijisikia vizuri kusema hivyo kwa sauti, katika nyumba yake mwenyewe, mlango wa ngazini ukiwa wazi. Mashavu ya Suzhen yaliiva hadi yakalingana na koti lake.

Walimsubiri Guilian aseme lake. Aliyapapasa magoti yake chini ya meza, goti moja, kisha la pili. Halafu akashika vijiti vyake. Mara ya kwanza vijiti viliteleza kwenye sosi.

Ko.

"Tangu shemeji yenu afariki," alisema, akimtazama samaki na si watu. "Huwa nawaambia ni magoti."

Suzhen aliinuka, akazunguka meza, akaketi karibu yake bega kwa bega. Akaivuta ile sahani ndefu, akaisogeza mpaka mbele ya wifi yake.

"Gonga tena, wifi," alisema. "Hapa hakuna mgeni."