Togwa Isiyochacha

Kila asubuhi, kabla jua halijagusa mabati ya Izia, mimi na baba tulitembea mpaka kwenye mikaratusi iliyo mwisho wa mashamba, kisha tukarudi. Dakika arobaini kwenda na kurudi. Yeye mbele, mimi nyuma kidogo, kwa sababu hakupenda watu waseme anatembezwa na binti yake. Tukifika aliugusa mti wa kwanza kwa kiganja, kama mtu anayebisha hodi, halafu tukageuka.

Asubuhi ile ya mwezi wa sita hatukufika kwenye mti. Nilikuwa natazama chini, kama kawaida yangu, nikaona kwamba kila alipokanyaga kwa mguu wa kushoto palibaki alama nyeusi yenye unyevu kwenye vumbi. Nilidhani ni umande. Niliinama nikaigusa, vidole vikatoka na damu.

"Baba, simama."

"Nini tena? Umechoka kabla ya mzee?"

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote, mama."

Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, Avelina. Nilimkalisha juu ya kichuguu nikauinua mguu. Bua la hindi lililokatwa kwa panga lilikuwa limetoboa kandambili na kuingia chini ya kidole gumba. Tulikuwa tumeyapita mashamba matatu tangu tulipoacha barabara; sijui alilikanyaga katika lipi. Nilipolivuta likatoka, hakukunja hata uso. Alinitazama tu, kama anayeangalia fundi akishughulikia kiatu cha mtu mwingine.

Nilisoma lishe chuoni miaka mitatu. Nilijua maana ya mguu usiohisi. Nilimfunga kwa kitambaa changu cha kichwani, tukarudi.

Sukari ya baba iligunduliwa mwezi wa pili. Siku hiyo kipimo kilisoma kumi na sita, wakati inatakiwa isizidi saba. Daktari alimpa vidonge, kisha akanigeukia na kusema vidonge peke yake havitatosha, kazi kubwa iko nyumbani. Niliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Tuliacha sembe nyeupe, soda na sukari ya kwenye chai. Ugali ukawa wa dona au wa ulezi, wa kadiri ya ngumi, na nusu ya sahani ikawa mboga za majani na maharage. Alikula cha jioni kabla ya saa moja na kulala saa tatu. Na tulitembea. Kufikia mwezi wa tano kipimo cha asubuhi kilisoma saba, na mkanda wake ulikuwa umekazwa matundu mawili zaidi. Pale kanisani aliwaambia wanaume wenzake, "Mimi Leonardi naokolewa na kisamvu," wakacheka, naye akacheka zaidi yao. Nilijificha nyuma ya akina mama, lakini nilifurahi.

Sasa daktari alikisafisha kidonda, akaongeza dawa, akasema asitembee. Mguu ukae juu ya stuli. Turudi baada ya wiki mbili, Jumatatu.

"Sukari ikiwa chini, kitapona," aliniambia pembeni. "Ikipanda, nitakata kidole. Mkichelewa, nitakata mguu."

Baba alisikia. Tukiwa kwenye bajaji aliniuliza, "Mtu wa mguu mmoja anapiga ntumba?"

Ntumba ni mafungu ya udongo tunayofukia nyasi ndani yake ili zioze ziwe mbolea. Unasimama mguu mmoja chini na mmoja juu ya fungu, unageuza bonge la nyasi kwa jembe. Tangu nikiwa mdogo, mwezi wa tatu kwetu ni sauti ya jembe la baba. Nilimshika mkono, na yeye hakuuondoa ingawa watu walikuwa wanatuona.

Siwezi kukaa nyumbani mchana. Ninajitolea kwenye kituo cha afya, nafundisha akina mama kupika uji wa watoto wadogo. Kwa hiyo baba alimpigia simu dada yake, naye alikuja kesho yake kutoka Mwazye na kuku mmoja na nusu gunia la ulezi mpya.

Shangazi Marsiana ni mkubwa kwa baba kwa miaka minane. Mama yao alifariki baba akiwa na miaka minne, na tangu hapo yeye ndiye aliyemlea. Ni mwanamke mwenye sauti. Aliingia uani akiwa bado anaagana na konda aliyekwisha kuondoka.

"Shikamoo, shangazi," nilisema.

"Marahaba. Ongeza sauti, Avelina, mimi si padri. Huku si kitubioni." Akalitua gunia. "Nasikia ulezi ni dawa ya sukari."

"Ulezi ni mzuri, shangazi."

"Basi dawa imefika."

Nilitabasamu tu. Ningeweza kusema wakati ule kwamba ulezi ni chakula kama chakula kingine, kwamba uzuri wake unategemea umepikwaje na umeliwa kiasi gani. Lakini alikuwa amesafiri na gunia lile magotini, na uso wake ulikuwa na furaha.

Baada ya siku nne nilirudi kutoka kazini nikamkuta anawagawia togwa baba na jirani yetu, mama Hellena. Kwenye mkeka palianikwa ulezi uliokwisha kuota, vimizizi vyake vyeupe vimekauka. Shangazi alikuwa amepika uji wa mahindi, akauacha upoe, akatia unga wa kimea. Alinipa kikombe. Ilikuwa tamu sana.

"Hakuna hata chembe ya sukari humo," alisema. "Ni ulezi mtupu na uji. Utamu huo wa Mungu."

Nilijua utamu ule unatoka wapi. Kila Jumatano nawaeleza akina mama kwamba kimea kinaulainisha uji na kuugeuza wanga wake kuwa sukari, ndiyo maana mtoto mdogo anaupenda na anapata nguvu haraka. Nilimtazama baba. Alikuwa amemaliza kikombe na anapangusa masharubu.

"Shangazi," nilisema, "hii togwa... kwa hali ya baba... si nzuri sana. Hasa ikiwa inakaakaa hapa nyumbani."

Ndivyo nilivyosema. Mama Hellena alikuwa anasikiliza, nami nilitafuta maneno ambayo yasingemwaibisha mtu mzima mbele ya jirani. Shangazi alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa.

"Nimekuelewa, mwanangu. Ondoa wasiwasi."

Jioni ya kesho yake nilikuta chungu kimeoshwa na kufunikwa. Na kesho kutwa yake vilevile. Nikashukuru kimoyomoyo kwamba nimeeleweka bila kumuumiza.

Lakini kipimo kilianza kupanda. Tisa. Kumi na moja. Kumi na tatu. Niliandika kwenye daftari kila asubuhi. Nilijiambia ni kidonda, kwa sababu kidonda nacho hupandisha sukari. Nilijiambia ni kukosa kutembea. Nilimkalisha kitini nikampa mpini wa jembe aunyanyue juu na chini kwa mikono miwili, mara ishirini, kila baada ya kula.

"Nalima hewa," alimwambia mama Hellena. "Mavuno tutagawana."

Nilipunguza ugali wake mpaka ukawa matonge matatu. Niliondoa chungwa. Nilipekua chini ya godoro lake nikitafuta maandazi, na nilipogeuka nilimkuta amesimama mlangoni kwa mguu mmoja, ameshika fremu, ananitazama. Afadhali angenigombeza.

Kipimo kikasoma kumi na tano. Kiu ikamzidi, akawa anaamka mara nne kwenda haja ndogo. Nilipofungua bandeji nilisikia harufu, nikajifanya sijaisikia. Shangazi alisimama nyuma yangu na rozari mkononi, akauliza, "Inashuka?" Nikasema, "Itashuka." Usiku nililia kwenye kanga ili wasisikie. Niliona kama kila nilichosoma ni maneno ya ubaoni tu, na kwamba mtu anayejua zaidi yangu angekwisha kumponya baba yangu.

Jumamosi, siku mbili kabla ya kurudi kwa daktari, nilitoka kazini mapema. Niliingia kwa mlango wa nyuma. Baba alikuwa uani juani, mguu kwenye stuli, kikombe kikubwa cha bati mdomoni.

"Cha tatu hicho leo," shangazi aliniambia kwa fahari. "Na usiniangalie hivyo, ni mpya. Naamka saa kumi alfajiri naipika, mchana anakunywa, jioni inayobaki namwaga na chungu naosha. Hailali humu ndani. Kama ulivyoniagiza. Isije ikachacha ikawa kimpumu tukamlewesha mgonjwa wa watu."

Kwa hiyo ndivyo alivyoelewa: kwamba naogopa pombe. Na kwa kuogopa pombe, wiki nzima alimpa baba ile iliyo mpya, ambayo bado haijachacha, ambayo ndiyo tamu kuliko zote. Aliamka katika baridi ya mwezi wa sita, na mgongo wake ule, ili amuue ndugu yake polepole kwa maneno yangu.

"Ngoja nikuongezee, Leonardi," alisema, akaenda jikoni.

Nilikaa kwenye kigoda karibu na baba. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa milima na kugeuza kurasa za daftari langu magotini.

"Baba, hiyo togwa ndiyo inayokupandisha sukari."

"Najua."

"Unajua?"

"Kila nikinywa, kiu inaongezeka. Hilo halihitaji cheti cha chuo."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Alishusha sauti.

"Mwaka aliofariki bibi yako kulikuwa na njaa. Huyu shangazi yako alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikwenda kuokota ulezi uliobaki kwenye mashamba ya watu, akauotesha, akanitengenezea togwa. Mimi nakunywa, yeye anakunywa maji aliyosuuzia chungu. Nilikuwa naona, mama. Mtoto wa miaka minne anaona." Alikigeuza kikombe kitupu mkononi. "Leo nimwambie nini? Kwamba kilekile alichonikuzia ndicho kinachonioza? Usimwambie. Jumatatu wakate kidole. Ninavyo kumi."

"Daktari alisema hata mguu."

Alitazama jembe lake lililoegemezwa ukutani, ambalo mpini wake nilikuwa nimeuchomoa ili afanyie mazoezi. Kidevu chake kilianza kutetemeka. Sijawahi kumwona baba yangu akilia, hata siku tuliyomzika mama. Aligeuza uso upande wa banda la kuku na kukaa hivyo.

Shangazi alirudi amebeba kikombe kwa mikono miwili, anatembea polepole ili kisimwagike. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, na povu jepesi juu. Alipiga goti kidogo kumpa, kama anavyompa siku zote, ingawa yeye ndiye mkubwa. Baba akanyoosha mkono kukipokea.

Niliweka mkono wangu juu ya mdomo wa kikombe.

Togwa ikanilowanisha vidole. Shangazi alinitazama, halafu akamtazama baba, halafu akanitazama tena.

"Una nini, Avelina? Kina mdudu?"

"Hapana, shangazi."

"Basi ondoa mkono, mgonjwa anywe."

Nilitamani mama Hellena aite kutoka upande wa pili wa uzio, nilitamani kuku waruke, kitu chochote. Hapakutokea kitu. Baba alikuwa ananiangalia kwa macho mekundu, anatikisa kichwa kidogo sana, hapana, hapana.

"Haya, sema," shangazi alisema, na safari hii hakutania. Sauti yake ilikuwa ndogo kama yangu. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea wewe, nimekosea mimi," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa, nikaiacha itoke hivyohivyo. "Siku ile sikuogopa pombe. Niliogopa utamu. Kimea kinaugeuza uji kuwa sukari, shangazi, hata kama hujatia sukari, na ikiwa mpya ndiyo mbaya zaidi kwake. Nilijua tangu siku ya kwanza nilipoionja. Nilikuonea haya, nikasema nusu. Sikutaka uipike upya kila alfajiri. Nilitaka kukwambia asinywe. Asinywe hiki, asinywe kesho, asinywe hata tone. Ninakuomba. Nataka baba yangu abaki na mguu wake."