Udongo wa Zou Lanxiu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine ya kusagia soya, Shu Genbao alichukua sepetu na kuzoa udongo uliomtoka mkewe. Ulikuwa udongo mwekundu, mzito, wenye unyevu. Ulimdondoka Lanxiu kwenye mikono ya nguo, ukamtoka nyweleni, ukajaa kitandani na kushuka hadi sakafuni. Genbao aliupakia kwenye toroli, akafukia mashimo ya njia ya kijiji, na uliobaki akapandia vitunguu nyuma ya nyumba. Vilistawi. Majirani wa kijiji cha kina Shu waliomba miche, na walipokuja kununua tofu walimuulizia mgonjwa kama mtu anavyoulizia mvua.

"Umefika wapi?"

"Magotini," Genbao alijibu wakati wa kuvuna mpunga. Mwaka Mpya ulipokaribia alijibu, "Kiunoni."

Udongo ulitoka kwa kasi kuliko sepetu. Lanxiu alikaa kitandani ameegemea ukuta, akiwaza. Alikula uji wa mchele tu, tena kwa kubembelezwa, na hakusema neno. Kila mtu alijua kwamba udongo ukifika mdomoni ndiyo basi. Genbao alijua kuliko wote, maana ndiye aliyelala kando yake na kuamka na mchanga kwenye meno. Alimpenda mkewe, na aliogopa.

Ulipofika kifuani alikwenda mjini kumwita Daktari Gan.

Daktari Gan Yuzhen alikuwa mama mnene mwenye sauti ya muuza samaki, na duka lake la dawa lilinukia maganda makavu ya machungwa. Alikuja kwa pikipiki yake mwenyewe. Alivua viatu mlangoni, akapanda juu ya udongo, akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa Lanxiu na kufumba macho kwa muda mrefu. Akautazama ulimi. Kisha akachota udongo kidogo, akauonja.

"Huu si wa hapa," alisema. "Wa hapa una chumvichumvi. Huu umetoka ng'ambo ya kijito, kwa kina Zou."

"Ndiko kwao."

"Ana shamba huko?"

"Alikuwa nalo," alisema Genbao.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na nyumba nyingi za jimbo la Jiangxi zina ya kwao inayofanana nayo. Lanxiu alipoolewa, kijiji cha kina Zou kiligawa mashamba upya, na fungu lake akapewa kaka yake, Chuanfu, kwa kuwa binti aliyeolewa ni mtu wa nje. Kijiji cha kina Shu nacho kilikuwa kimeshamaliza kugawa, na hakikuwa na fungu la bibi harusi, kwa kuwa yeye ni mgeni. Hivyo mwanamke aliyelima tangu utotoni akabaki hana ardhi hata ya kupanda tangawizi, na ukiwauliza wao, hakuna aliyemdhulumu. Alichoondoka nacho ni sanduku la mkafuri. Mti huo baba yake aliupanda shambani siku alipozaliwa yeye, kama watu wa huko walivyowapandia mabinti, na Chuanfu akaukata ili kuchonga sanduku la harusi. Mahali pake akapanda michungwa.

"Na miaka yote hii amesema nini?" daktari aliuliza.

"Hajasema kitu. Mke wangu mpole sana."

"Ndiyo maana anazikwa." Daktari Gan alijifuta vidole. "Sikiliza, baba. Mawazo hukaa kwenye wengu, na wengu ni udongo. Mtu akiwaza jambo lilelile bila kulitoa, udongo unazidi. Kinachoushinda udongo ni mti. Mti ni ini, na ini ni hasira. Ya huyu imelala."

"Utampa mizizi gani?"

"Simpi kitu. Wewe pika samaki, halafu mwalike shemeji yako."

"Yule? Nyumbani kwangu?"

"Na ile pombe yako nzuri ya mchele uitoe. Mimi nitasema upuuzi mwingi hapo mezani. Wewe funga mdomo. Ukiufungua, utamzika mwenyewe."

Siku chache baadaye Chuanfu alikuja mchana na koti jipya na kikapu cha machungwa madogo. Aliomba radhi kwa udogo wa machungwa hayo. Shamba lilikuwa linazama, alisema, na michungwa imebaki imesimama juu ya mizizi kama kuku. Mtaalamu wa wilaya alikuwa amekuja na kusema ni maji ya chini.

Meza iliwekwa juu ya udongo, kando ya kitanda, kwa sababu Lanxiu alikuwa ameshafikiwa shingoni na hakuweza kusogezwa. Daktari Gan alimkalisha Chuanfu kwenye kiti kinachotazama mlango, anapokaa mkubwa. Samaki alipoletwa, akaizungusha sahani mpaka kichwa kikamwelekea Chuanfu, kama inavyostahili mgeni wa heshima, akammiminia pombe kabla ya wote.

"Tumshukuru kaka," alisema, akiinua kikombe. "Wangekuwa wengine, shamba la ukoo lingepotelea kwa watu wa nje. Mwanamke na shamba wapi na wapi?"

Genbao aliangalia bakuli lake.

"Mimi nilifanya wajibu tu," Chuanfu alisema, na ilionekana kweli ameguswa. "Na dada yangu, niseme ukweli, hajawahi kulalamika. Hana kinyongo. Hata ule mti nilimkatia kwa mikono yangu hii. Angetaka nini zaidi?"

"Kweli kabisa," daktari alisema. "Kula shavu la samaki, kaka. Ndipo penye utamu."

Kucha za Lanxiu, zilizochomoza juu ya udongo, zilianza kuwa za kijani. Kijani kikapanda mikononi, kikapita shingo, kikaenea usoni, na macho yake yakafunguka.

"Geuza huyo samaki," alisema.

Chuanfu alishusha vijiti vya kulia. "Unasemaje, mdogo wangu?"

"Geuza samaki! Kichwa kinitazame mimi. Hapa ni kwangu, meza ni yangu, na huo udongo ulioukalia ni wangu. Nimelima shamba lile wewe ukicheza karata. Nimelimwagilia kwa mabega haya. Umekata mti wangu, ukaniambia nishukuru kwa sanduku. Na nikashukuru! Nikakuinamia mbele za watu, mjinga mimi, nikashukuru! Kinyongo sina? Ninacho, kaka. Ninacho mpaka kimejaa nyumba!"

Sanduku la mkafuri lililokuwa miguuni pa kitanda lililia kwa ndani. Kifuniko kikainuka. Mizizi ilitoka kwenye pembe, ikazama kwenye udongo na kuukamata, na udongo ukashuka kutoka shingoni mwa Lanxiu, ukajipanga chini kuwa sakafu nzuri, ngumu. Shina lilipanda moja kwa moja likatoboa paa. Vigae viwili vilianguka kwenye supu. Daktari Gan alisogeza bakuli lake na kuomba wali zaidi.

Chuanfu aligeuza samaki.

Lanxiu alishuka kitandani kwa miguu yake, akavuta kiti, akala samaki mpaka ikabaki mifupa. Genbao alilia waziwazi, huku akimwongezea mchuzi. Daktari aliondoka na ndoo ya tofu, akaagiza mgonjwa agombe kidogo kila asubuhi kabla ya kula.

Wanawake walioolewa kijijini walikuja kuutazama mti. Wengi wao walikuwa na udongo kidogo kwenye mikono ya nguo, mweusi, wa njano, wa kichanga, kila mmoja na wa kwao. Lanxiu aliwakaribisha chai, akawauliza kwao kichwa cha samaki kinamtazama nani. Ilitosha. Kufika majira ya mvua mapaa mengi ya kina Shu yalikuwa yametobolewa, kijiji kizima kilinukia kafuri, na mafundi wa vigae hawakukosa kazi.

Kamati ya kijiji cha kina Zou ilikaa tena na kugawa tena. Kipaza sauti kilitangaza mpaka ng'ambo ya kijito kwamba binti aliyeolewa hana fungu. Shamba lilibaki kwa jina la Zou Chuanfu. Siku hizo lilikuwa shimo lenye vyura.

Katika sikukuu ya kusafisha makaburi Chuanfu alifika mlangoni na toroli tupu.

"Mdogo wangu, naomba udongo kidogo. Michungwa inakufa."

"Chukua hata wote," alisema Lanxiu. "Niambie tu, ni wa nani?"

Chuanfu aliutazama mti. Akatazama toroli. "Ni wa hapa."

"Wa hapa una chumvichumvi. Huu ni wa nani, kaka?"

Alisimama pale mpaka chai aliyopewa ikapoa, kisha akageuza toroli, akarudi kwake.

Huja kila mwaka na toroli lake tupu. Gurudumu la toroli halijatiwa mafuta, kwa hiyo Lanxiu humsikia tangu darajani, na anapoingia hukuta samaki ameshatengwa mezani, kichwa kikiwa kimeelekea kiti cha Lanxiu, mwenye nyumba.